Mchukuzi wa Tumbo la Sultani

Hapo zamani, watu walipokuwa wakiogopa wafalme kuliko njaa, palikuwa na mji uitwao Ungwasi, na mji huo ulikuwa na Sultani jina lake Dahlani, na Sultani Dahlani alikuwa na tumbo. Msinicheke, najua kila mtu ana tumbo. Lakini sisi wengine hutembea na matumbo yetu, ilhali tumbo la Sultani Dahlani lilitangulia kuingia barazani, likaketi, ndipo mwenyewe akafuata.

Alikuwa akila mara tano kutwa. Akiamka huletewa uji wa ngano wenye samli. Jua likipanda, mikate ya mofa na mbaazi za nazi. Adhuhuri pilau ya mbuzi. Alasiri halua na sharbati. Na magharibi cho chote kilichosahauliwa mchana. Wala hakutafuna. Matonge yalipita kinywani mwake kama wageni wa heshima wasioulizwa majina mlangoni, huku mwenyewe akiamrisha na kutukana na kucheka, hata kila tonge likashuka na upepo wake. Akishamaliza hulazwa palepale juu ya godoro la sufi, kisha watu wanane humbeba kwa machila hadi chumbani, umbali wa hatua thelathini. Miguu yake ilikuwa mizima, ila haikuwa na kazi, kama mawaziri wake.

Tena Sultani huyu aliipenda heshima kupita kiasi. Alitunga sheria kwamba mtu ye yote atakayejamba mahali ambapo Sultani aweza kusikia, apandishwe punda kinyumenyume, uso ukielekea mkia, azungushwe mji mzima na mpiga mbiu atangulie akilitaja kosa lake. Basi watu wakawa wanaingia barazani wamejibana na kutoka mbio. Lakini Sultani angetoka mbio aende wapi? Yeye ndiye aliyezungukwa na watu tangu alfajiri hata kulala, na sheria yake mwenyewe ikamkaba. Akawa anazuia. Akazuia mwaka wa kwanza, akazuia na wa pili.

Ikawa siku moja tumbo likakataa. Lilifura kama kiriba, likawa zito, chakula cha jana kikakaa juu ya cha juzi kama watu wanaogombea kivuli. Sultani akaugua, akamwita tabibu wake mkuu, jina lake Mudrika, mtu mwenye kilemba kikubwa na elimu ya kukizunguka. Mudrika akamnywesha mafuta ya mbono, kisha akamnywesha maji ya mizizi, kisha akamfunga hirizi kiunoni, nayo hirizi ikakatika uzi. Alipoishiwa na dawa akaona heri apate mkosaji.

"Maulana," akasema, "haya si maradhi. Umelishwa."

"Nimelishwa na nani?"

"Chakula hupikwa na nani, bwana wangu?"

Basi wakaenda jikoni wakamkamata mpishi, mwanamke mjane jina lake Mwanasha, aliyepika pale miaka kumi na miwili bila kuunguza hata wali, wakamtia ndani. Sultani akaapa mbele ya watu kwamba Ijumaa, baada ya sala, mchawi huyo atakatwa kichwa.

Mwanasha alikuwa na ndugu mmoja tu duniani, jina lake Shekue, mchukuzi wa forodhani. Hakuwa na kitu ila mabega. Watu walimwita mpumbavu kwa sababu alikuwa na tabia ya kufanya hasa kile alichoambiwa: tajiri mmoja alipata kumwambia, "Tupa gunia hilo po pote," naye akalitupa baharini. Tangu hapo wakasema akili zake si timamu, naye hakuwakanusha, maana mpumbavu huachwa aseme mengi. Habari ya dada yake ilipomfikia alikuwa na gunia la mtama mgongoni. Alilitua taratibu, akakaa juu yake. Mwanasha ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa. Akalia kidogo, akajifuta kwa upindo wa shuka, akaenda barazani.

Sultani alikuwa amelala chali, akihema. Shekue akapiga magoti.

"Maulana, uishi daima. Nimesikia dada yangu amekulisha."

"Amenilisha, naye atakufa."

"Miaka kumi na miwili amekulisha, bwana wangu, mara tano kutwa. Ulimwajiri kwa kazi hiyo."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajifanya anakohoa. Mudrika tabibu akakunja uso. "Mpumbavu huyu atolewe. Tumbo la maulana limeingiwa na uchawi."

"Mimi si tabibu," akasema Shekue. "Mimi ni mchukuzi. Uchawi siujui, lakini mzigo naujua nikiuona, na pale pana mzigo. Ungekuwa uchawi ungepanda na kushuka. Huu umepakiwa vibaya, basi."

Sultani akaghadhibika, akainuka kwa kiwiko. "Mzigo, siyo? Basi uchukue! Sikilizeni nyote. Leo ni Jumamosi. Tangu leo hata Ijumaa, mchukuzi huyu atanichukulia tumbo langu. Wala asininyanyue mimi, wala asinikate, wala asinipe dawa, wala asinipunguzie chakula hata punje. Anichukulie tumbo tu. Ijumaa nikilikuta bado zito, vichwa vitakatwa viwili."

Baraza zima wakacheka, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Shekue hakucheka. Alitazama lile tumbo, akatazama mikono yake miwili, akaona kwamba amekuja kumtoa dada yake shimoni naye ametumbukia. Lakini mtu aliyezoea mizigo haulizi uzito kwanza, huuliza masharti.

"Nakubali, maulana. Ila nauliza jambo moja. Wanichukua kwa kanuni za wachukuzi, au bila kanuni?"

"Kwa kanuni za wachukuzi!" akasema Sultani, akiwakonyeza mawaziri. "Kadhi, andika."

Kadhi akaandika, Sultani akapiga muhuri. Shekue akasema, "Sasa, kadhi wangu, hisani yako, tusomee kanuni hizo."

Lazima mjue kwamba Ungwasi ulikuwa mji wa bandari, na bila wachukuzi watu wake wangekula mchanga. Kwa hiyo babu yake Sultani alikuwa amewawekea wachukuzi kanuni zao, akazitia muhuri, akaapiza kwamba mzao wake atakayezivunja asiitwe mzao wake. Kadhi akaleta chuo, kitabu cha zamani, akapuliza vumbi, akasoma: "Ya kwanza: mchukuzi hapandishiwi mzigo juu ya mzigo mpaka aseme 'Tayari'. Ya pili: mwenye mzigo atafuata mzigo wake kwa miguu, hadi forodhani, usije ukapotea. Ya tatu: mzigo haulazwi njiani. Ya nne: mkataba ukifika mwisho, mwenye mzigo na mchukuzi watachuchumaa pamoja, wautue."

Mawaziri wakaacha kucheka mmoja mmoja.

Ilipoletwa pilau ya adhuhuri, Shekue alichukua shali ndefu, akaipitisha chini ya tumbo la Sultani, ncha zake akazitupa mabegani mwake mwenyewe, akaketi mkabala naye kama mtu anayekamua ng'ombe. Sultani akamega tonge, akalimeza, akamega la pili.

"Bado, maulana," akasema Shekue.

"Bado nini?"

"Sijasema tayari. Tonge lile la kwanza limenishukia begani zima zima kama jiwe la kinu. Ungelivunja kidogo hapo juu, kwa meno, lingekuja vipande vipande nikalipanga. Mzigo wa vipande hupangika."

"Mimi sijapata kutafuna tangu nilipotawazwa!"

"Basi meno yako ni mapya, bwana wangu. Tayari sasa. Karibu."

Sultani akatafuna kwa hasira, na hasira husaidia kutafuna. Kila tonge Shekue aliliitikia kwa kuguna, akasogeza shali, akajifuta jasho ambalo halikuwapo, akasema "Bado," kisha "Bado kidogo," kisha "Tayari." Na Sultani alipofungua kinywa kumtukana kikiwa kimejaa, alimwambia, "Maneno nayo yana uzito, maulana, tena yanashuka na upepo. Yabaki nje mpaka mzigo upangike." Sinia ambalo lilikuwa likimalizwa kabla mvuke haujaisha, siku ile lilikaa hata pilau ikapoa. Na lilipofika nusu Sultani akajikuta ameshiba. Akalitazama sinia kwa mashaka kama mtu aliyeibiwa asiyejua kimepotea nini.

"Nilaze," akasema.

"Haulazwi njiani," akasema Shekue. "Twende forodhani."

"Leteni machila!"

"Machila ikikubeba wewe, maulana, na tumbo limo ndani yako, wachukuzi watakuwa wanane, na mkataba ni wangu peke yangu. Tena ulisema usinyanyuliwe."

Kadhi akafungua chuo, akakisoma tena, akaitikia kwa kichwa. Basi Sultani wa Ungwasi akaweka miguu yake chini, akatoka nje akimfuata mtu asiye na viatu, shali imewaunganisha kama beberu na aendaye kumwuza. Hatua arobaini akasimama kumlaani Shekue. Hatua sitini akawalaani wachukuzi wote na waliowazaa. Wanawake madirishani hawakuamini macho yao, mmoja akamwambia jirani yake, "Shoga, kumbe ana miguu!" Na wachukuzi waliokuwa njiani, walipomwona mwenzao na mzigo wake, wakaimba kama ilivyo desturi yao:

"Haya polepole — unashuka!
Haya polepole — unashuka!"

Ikawa hivyo Jumapili, ikawa hivyo Jumatatu, kila baada ya chakula, mara tano kutwa. Na alasiri ya Jumatatu Sultani akasema mara nne zatosha, maana hana nafasi, bado yuko njiani. Jumanne tumbo likaanza kusema. Lilikoroma, likapiga miayo, likasogeasogea. Shekue akaweka sikio juu ya shali akafurahi, kwani mzigo unaosogea ni mzigo ulioanza kulegea.

Lakini Jumatano Sultani akaumwa kuliko kwanza. Kilichokuwa kimelala kimeamka, kinatafuta mlango, naye ameukaza mlango kwa nguvu zote za ufalme. Alitembea amekunja uso, jasho likimtoka, mkono mmoja mgongoni. Shekue aliona, akaelewa, akaogopa. Ni nani angemwambia Sultani neno lile? Na Mudrika tabibu akapita akitabasamu, akasema, "Mchukuzi, mgongo umechoka? Subiri Ijumaa, utapumzishwa na kichwa."

Alhamisi alasiri Shekue akaenda kwenye gereza kumwona dada yake. Alimkuta amekaa juu ya jamvi, bakuli la wali mbele yake hajaligusa.

"Wananiletea wali mbichi," akasema Mwanasha. "Nitakufa kwa wali huu kabla ya upanga. Na wewe kaka, mbona umekonda? Huli?"

"Dada, kesho watatuua, nawe waniuliza kula!"

"Nani akuulize mwingine? Haya, niambie. Kazi imefika wapi?"

Akamweleza yote, hata pale penye kizuizi. Mwanasha akasikiliza, akachomoa punje moja ya wali akaibonyeza kwa kidole, akaitupa. "Chungu kikichemka nacho kimefunikwa gubigubi, mpishi hufanya nini?"

"Hufunua."

"Na asipofunua?"

"Hufurika, mfuniko ukaruka."

"Basi usiniletee machozi hapa. Anakula vizuri, anatembea, moto uko sawa. Kilichobaki ni mfuniko."

"Mfuniko ni sheria yake, dada. Siwezi kumwambia afunue."

"Usimwambie. Nani anayekiambia chungu? Wewe si una kanuni ya nne?" Kisha akamshika mkono kupitia nondo. "Kaka, naogopa. Fanya haraka, naogopa sana."

Ijumaa baada ya sala baraza likajaa hata watu wakasimama juu ya viatu vya wenzao. Mwanasha akaletwa amefungwa mikono, mwenye upanga akasimama kando yake. Sultani aliingia kwa miguu yake, kijani kama embe bichi, akimfuata Shekue kwa shali, wakitokea forodhani. Mudrika akajitokeza mbele.

"Maulana, siku zimetimia. Waonaje tumbo lako?"

"Zito!" akasema Sultani akiuma meno. "Zito kuliko siku zote!"

Mwenye upanga akasogea. Shekue akapaza sauti. "Ni zito kwa sababu halijatuliwa! Nimelichukua siku saba, sijalitua hata mara moja. Kadhi, soma ya nne."

Kadhi akasoma kwa sauti nyembamba: "Mkataba ukifika mwisho, mwenye mzigo na mchukuzi watachuchumaa pamoja, wautue."

"Mimi nichuchumae?" akauliza Sultani. "Mbele ya watu?"

"Mkono na muhuri wa babu yako, maulana. Chini kabisa, visigino vimegusa mapaja, kama tufanyavyo sisi. Kisha nitahesabu mpaka tatu. Usipochuchumaa, mzigo haukutuliwa, mkataba haukwisha, na kesho tunakwenda tena forodhani."

Aliposikia forodhani Sultani akashika mabega ya Shekue, akashuka. Magoti yakalia. Akashuka zaidi. Shekue akahesabu, "Moja. Mbili..."

Tatu haikuhitajika. Lilianza kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi akidhani wenyeji wamelala. Kisha likajua ni mchana, likaingia. Likapanda, likazunguka nguzo za baraza, likashuka, likavuta pumzi, likaanza tena. Ilikuwa miaka miwili ya mbaazi za nazi inapita, nayo haikuwa na haraka. Kunguru waliokuwa juu ya paa waliruka wote kwa pamoja.

Kisha likaisha. Hakuna aliyemtazama mwenziwe. Kadhi alitazama dari. Mwenye upanga alitazama upanga. Mawaziri walisoma kucha zao. Na Mudrika, ambaye hakuwa na akili ya kunyamaza, akasema, "Astaghafirullahi! Nani amevunja sheria?"

Sultani akageuka mwekundu kisha mweusi. Alijua sheria, maana aliitunga yeye: punda, mkia, mbiu, mji mzima. Hapo Shekue akainua mkono.

"Ni mimi."

"Ni wewe?" akasema kadhi.

"Ndiyo, kadhi wangu. Kilichotoka kimetoka ndani ya mzigo, na mzigo ulikuwa mikononi mwangu, haukuwa umefika chini. Kitu kikidondoka kwenye gunia njiani, hushikwa mchukuzi. Shuzi hili ni la Sultani kwa asili, lakini kwa dhamana ni langu. Nipandisheni punda." Akaanza kukunja shuka yake tayari kwa kupanda. "Ila mniwekee vizuri ile habari ya mpiga mbiu, kwamba atangaze: 'Mtu huyu anaadhibiwa kwa shuzi la Sultani.' Nisisingiziwe langu. Na mkataba bado haujafutwa, na kanuni ya pili inasema mwenye mzigo atafuata kwa miguu. Kwa hiyo mimi nitakaa juu ya punda nimeelekea mkia, na maulana atakuja nyuma ya mkia, na tutatazamana mji mzima."

Sultani alimtazama. Akauona mji mzima, akaona madirisha, akamwona punda, akajiona nyuma ya punda. Mdomo wake ukatetemeka. Alijizuia, kama alivyozoea kujizuia, lakini siku ile alikuwa hana tena cha kuzuilia. Akacheka. Akacheka akiwa bado amechuchumaa, na kila alipocheka kilichokuwa kimebaki kikatoka kipande kipande, tu, tu, tu, hata akaanguka kwa matako akakaa sakafuni, machozi yakimtiririka.

"Ifuteni!" akasema alipopata pumzi. "Kadhi, ifute sheria hiyo! Ifute sasa hivi!"

Kadhi akaifuta, na kalamu ilipomaliza kukwangua, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufaidi. Akafuata mwenye upanga, aliyekuwa amejibana miaka miwili, tangu kupewa kazi. Kisha mawaziri kwa daraja zao. Wasimuliaji wa Ungwasi husema mapazia yalipepea bila upepo wa nje, nami sina sababu ya kuwapinga.

Sultani akajishika tumbo. Lilikuwa lake, mahali pake, laini na jepesi, na kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi akaviona vidole vyake vya miguu. Akavitikisa. Ndipo alipoinua macho akamwona Mwanasha amesimama amefungwa mikono, hacheki, na kicheko chake mwenyewe kikamkauka.

"Mudrika," akasema, "nani aliyenilisha?"

Tabibu akaanza kurudi nyuma taratibu.

"Mimi mwenyewe," akasema Sultani. "Nilikula kama mwehu, nikalala kama gogo, nikajikaba kwa mikono yangu, kisha nikataka kumwua mwanamke kwa sababu alipika vizuri. Mfungueni." Mudrika akaamrishwa akabebe magunia forodhani mwaka mzima, apate kujifunza uganga. Shekue akaulizwa anataka nini, akasema anataka ile machila, kwa kuwa mbao zake ni nzuri. Naye akaipasua, akawatengenezea wachukuzi wenziwe benchi.

"Na wewe, Mwanasha," akasema Sultani, "rudi jikoni. Nitakupa cheo."

Mwanasha akasugua mikono yake palipokuwa na kamba. "Cheo kikae, maulana. Nimelala siku saba penye panya kwa ajili ya tumbo lisilo langu. Mtu akitaka nimpikie, nyumbani kwangu pana mlango." Akamshika kaka yake mkono, wakaondoka bila kuaga.

Siku tatu zikapita. Siku ya nne, baada ya chakula cha adhuhuri, Mwanasha alikuwa uani anapepeta mchele, akasikia hodi. Alipofungua akamwona Sultani Dahlani, peke yake, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, na kilemba mkononi.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Nilikukosea, Mwanasha. Nilikukosea sana."

Mwanasha akamtazama tangu juu hata chini, akatazama na lile tumbo.

"Umekula sasa hivi?"

"Nimekula."

"Basi kazunguke mji kwanza," akasema. "Ukirudi tutazungumza." Akafunga mlango.

Na Sultani akageuka, akaenda. Hadithi yangu nimeitua hapa. Aliyeshiba na anyanyuke.